Yafaayo kufanywa penye ajali kabla ya ambulensi kufika

Na MWANDISHI WETU

AJALI inapotokea usiku katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, watu wa kwanza kufika si madaktari wala polisi. Huwa ni mwendeshaji bodaboda aliyekuwa akipita, mama mwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma, dereva wa lori lililokuwa likifuata nyuma, na wakazi walioamshwa na kishindo.

Hao ndio wanaobaki na majeruhi kwa dakika 20, nusu saa, pengine zaidi, kabla ya king'ora kusikika. Aghalabu hawakosi moyo wa kusaidia. Wanachokosa ni kujua lipi litangulie.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zaonyesha kwamba kila mwaka kati ya 2021 na 2024, Kenya ilipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani. Baadhi yao hufa papo hapo na hakuna msaada ambao ungewafaa. Lakini wengine huuawa na mambo mawili ambayo mtu asiye daktari aweza kuyazuia kwa mikono mitupu: kuvuja damu nyingi na kuzibwa kwa njia ya hewa.

Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja huweza kufa katika muda wa dakika chache, tuseme tatu hadi tano. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya takriban dakika nne. Hakuna ambulensi iwezayo kufika Salgaa au Mtito Andei kwa muda huo, hata ikiwa na dereva hodari namna gani.

Kwa hiyo lile tunaloliona kila mara penye ajali, watu wakiwanyakua majeruhi mzobemzobe na kuwarundika nyuma ya pikapu ili wakimbizwe hospitalini, ni wema usiofuata utaratibu. Anayevuja damu huendelea kuvuja humo pikapuni. Aliyevunjika mfupa wa shingo huenda akapooza njiani. Kuna mambo machache yapasayo kufanywa pale pale alipo majeruhi, kisha safari ya hospitali ifuate.

Jambo la kwanza halimhusu majeruhi hata kidogo. Ni usalama wa yule anayekuja kusaidia, kwa kuwa msaidizi akigongwa huwa ameongeza idadi ya majeruhi na kupunguza idadi ya wasaidizi.

Iwapo uko ndani ya gari, liegeshe mbali kidogo, nje ya lami, na uwashe taa za tahadhari. Mtume mtu mmoja akaweke vibao vya pembetatu vinavyong'aa umbali wa angalau hatua 100 kila upande. Penye kona au mteremko, viwekwe kabla ya kona au kilele, si baada yake. Kama hakuna vibao, matawi ya miti yatafaa mchana. Usiku itabidi mtu asimame kando ya barabara akipunga tochi.

Si tahadhari ya bure. Katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Kericho, lori lilipoteza mwelekeo Juni 30, 2023 na kuua zaidi ya watu 50. Wengi wao hawakuwa ndani ya lori hilo. Walikuwa wachuuzi kando ya barabara na abiria katika matatu.

Zima injini ya gari lililopata ajali na uondoe ufunguo. Asiwepo mtu anayevuta sigara. Waya wa umeme ukiwa umelalia gari, usiliguse wala usilisogelee. Kaa umbali wa hatua kumi au zaidi na uwaambie walio ndani watulie hadi kampuni ya umeme ikate nguvu hizo.

Likiwa ni lori la mafuta, kinachofaa ni kuondoka na kuwaondoa wengine, wala si kutafuta mtungi. Mnamo Januari 31, 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, karibu na Molo, na wakazi wakamiminika kuchota mafuta. Moto ulipolipuka uliangamiza zaidi ya watu 100. Julai 2021 mkasa kama huo ulirudiwa Malanga, Kaunti ya Siaya, na watu zaidi ya kumi wakateketea. Mvuke wa petroli husafiri chini chini, usionekane, ukafikia cheche mbali na lori lenyewe.

Baada ya hapo ni kupiga simu. Nambari 999 na 112 ni za dharura na hazitozwi pesa. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini hupatikana kwa nambari 1199.

Usiseme tu "mtu apige simu". Katika umati kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga. Mwelekezee mtu kidole: "Wewe kijana mwenye jaketi jekundu, piga 999, kisha urudi uniambie walivyojibu."

Mpigaji aseme mahali kwanza, kabla ya kusimulia habari, maana simu yaweza kukatika. Ataje mji ulio karibu, upande magari yalikokuwa yakielekea, na alama inayoonekana kama vile kituo cha mafuta, shule, daraja au jiwe la kilomita. Kisha aeleze ni magari mangapi, majeruhi takriban wangapi, kama kuna walionaswa ndani ya vyuma, na kama kuna moto. Asikate simu hadi aambiwe.

Sasa wageukie majeruhi. Penye wengi, sikio hutuvuta kwa anayepiga mayowe. Huyo ana pumzi na ana fahamu, na aweza kungoja kidogo. Nenda kwanza kwa aliyenyamaza, na kwa yule ambaye damu yake inaonekana ikitapakaa ardhini. Wale wanaoweza kutembea waite wakae pamoja mahali salama, na ukiwaona wana nguvu wape kazi, kama vile kushika tochi au kukandamiza jeraha la mwenzao.

Damu inayotisha hutambulika upesi. Huruka kwa vipindi kufuata mapigo ya moyo, au hububujika bila kukoma, au hulowesha nguo yote na kufanya dimbwi. Mchubuko wa paji la uso wenye kutia uso mzima wekundu mara nyingi si hatari hivyo, ingawa huwatia watu kiwewe.

Kinga mikono yako kabla ya kugusa damu. Glavu zikikosekana, na kwa kawaida hukosekana, vaa mkononi karatasi ya nailoni ya mkate au pakiti ya maziwa iliyopasuliwa. Ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukibebea bidhaa madukani ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo usitarajie kuipata kirahisi.

Pasua au kata nguo ili ulione jeraha lenyewe. Chukua kitambaa kilicho safi kadiri ya uwezo, iwe ni leso, shati au taulo, ukiweke juu ya mahali damu inapotokea, na ukandamize kwa sehemu ngumu ya kiganja, mikono yote miwili, viwiko vikiwa vimenyooka ili uzito wa mwili wako ufanye kazi.

Ukandamize kwa dakika kumi kamili bila kuinua kitambaa kuchungulia. Hapa ndipo wengi hushindwa. Kila unapochungulia, unaing'oa damu iliyoanza kuganda na kazi inaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na ukandamize kwa nguvu zaidi. Jeraha likiwa kubwa na lenye kina, kama vile la paja, jaza kitambaa ndani ya jeraha hadi kwenye chimbuko la damu, kisha ukandamize juu yake. Majeruhi atalia kwa uchungu. Usiache kwa sababu hiyo.

Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kukoma, ndipo hufungwa ukanda wa kukaza. Uwe mpana, sentimita nne au zaidi, kama vile shuka iliyokunjwa au mshipi wa nguo. Usitumie waya, uzi wala kamba nyembamba, kwa kuwa hukata nyama na mishipa ya fahamu. Ufunge kati ya jeraha na kiwiliwili, upana wa vidole vinne juu ya jeraha, wala si juu ya goti au kiwiko. Funga fundo, weka kijiti juu yake, funga tena, kisha uzungushe kijiti hadi damu ikome, ukikaze kisirudi.

Zamani watu walifundishwa kuulegeza ukanda huo kila baada ya robo saa. Ushauri huo umeachwa. Ukishaufunga, usiulegeze, andika saa uliyoufunga kwenye paji la uso wa majeruhi au kwenye ukanda wenyewe, na uwaachie madaktari. Kiungo kwa kawaida huweza kustahimili hadi saa mbili hivi. Majeruhi aliyemaliza damu hana saa mbili.

Ugoro, kahawa, majani ya chai, unga, mafuta taa na udongo havina nafasi penye jeraha. Udongo hasa hubeba vijidudu vya pepopunda, na daktari atalazimika kuvikwangua vyote hivyo kabla hajaanza kushona.

Kama kuna chuma, kioo au mti uliomdunga majeruhi na kubaki mwilini, usiuchomoe. Huenda ndio unaouziba mshipa uliokatika. Uzungushie vitambaa pande zote usitikisike, na uache msumeno uletwe na wanaojua kuutumia.

Njia ya hewa huzibwa na vitu vya kawaida kabisa. Mtu akipoteza fahamu akiwa amelala chali, ulimi wake hulegea na kuanguka nyuma kooni. Penye ajali huongezeka damu, meno yaliyong'oka, matapishi, na kwa madereva wa safari za usiku, fundo la miraa shavuni. Umma humsikia akikoroma na kusema amelala. Mkoromo huo ni dalili kwamba hewa inapita kwa taabu.

Piga magoti upande wa kichwani mwake. Shika kichwa kwa mikono miwili kisiyumbe, kisha uweke vidole nyuma ya pembe za taya, chini ya masikio, na uisukume taya kwenda mbele bila kuipinda shingo. Ondoa unachokiona mdomoni kwa kidole kilichopinda. Usipapase gizani, kwani waweza kukisukuma kitu ndani zaidi.

Mwangalie kifua na usikilize pumzi kwa muda usiozidi sekunde kumi. Anapumua vyema? Basi, kama huwezi kubaki naye ukiishikilia taya, au kama anatapika, mgeuze alale ubavu, kichwa na mgongo vikigeuka pamoja kama gogo, mdomo ukielekea chini ili uchafu utoke. Shingo huogopwa, na ni haki iogopwe, lakini asiyepumua hatapata nafasi ya kupooza.

Akiwa hapumui kabisa, bonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwenda chini sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa huongeza pumzi mbili za mdomoni baada ya kila mibonyezo 30. Ukweli ni kwamba moyo uliosimama kwa sababu ya majeraha ya ajali ni wachache wanaorudi. Iwapo uko peke yako na kuna wengine wanaovuja damu, waendee hao.

Shingo na uti wa mgongo vichukuliwe kuwa vimeumia kwa kila aliyegongwa kwa kasi, aliyerushwa nje ya gari, au aliyeanguka kutoka pikipiki. Ongea naye kutoka mbele, usimwite kutoka ubavuni akageuka. Mwambie asitikise kichwa, na mtu mmoja akishike kichwa hicho kati ya viganja vyake jinsi alivyokikuta, bila kukinyoosha kwa nguvu.

Asihamishwe isipokuwa kuna moto, maji, magari yanayokuja kwa kasi, au hakuna namna nyingine ya kumwokoa pumzi. Mwendesha pikipiki aachwe na helmeti yake, ila ikiwa hapumui au anatapika ndani yake. Hata hapo huvuliwa na watu wawili, mmoja akishika shingo kwa chini, mwingine akiivuta polepole.

Majeruhi aliyepauka, mwenye jasho baridi, anayepumua haraka na kulalamika kiu, anapoteza damu, hata kama huioni. Yaweza kuwa tumboni au pajani. Na hapa huruma ya Wakenya hufanya madhara: maji, soda, chai ya moto. Usimpe chochote. Atatapika, na huenda anahitaji upasuaji ndani ya saa moja. Mlaze, mfunike kwa koti au blanketi, na uweke kitu chini yake pia, maana ardhi humnyonya joto. Baridi ya Mau Summit saa nane za usiku huizuia damu isigande vizuri, jambo ambalo wengi hawalifahamu.

Mguu uliovunjika usiunyooshe. Uache ulivyo, uegemeze kwa nguo zilizokunjwa pande mbili. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mayai. Kidole au kiungo kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi, kitiwe katika mfuko, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu, barafu isigusane na nyama.

Kuna swali ambalo vitabu vya huduma ya kwanza vilivyoandikwa ng'ambo hukwepa: ikiwa ambulensi haiji je? Vitabu hivyo hudhani huja. Sehemu nyingi za nchi hii haiji, au huja kwa kuchelewa mno, na pikapu ya mfanyabiashara au gari la polisi ndilo litakalompeleka majeruhi.

Hapo haifai kuwalaumu wananchi. Ila kabla ya kumpandisha, damu iwe imekandamizwa na njia ya hewa iwe wazi. Mlango wa nyumba, benchi refu au ubao wa kitanda hufaa kuwa machela. Watu sita, watatu kila upande, pamoja na mwingine wa kichwa, wamwinue kwa amri moja ya yule aliyeshika kichwa. Msaidizi mmoja apande naye na aendelee kukandamiza njiani. Dereva aende kwa utulivu. Kasi ya kupita kiasi kwenye matuta itaharibu yote yaliyofanywa.

Mtu mwingine apige simu hospitalini waliko wakielekea. Zahanati ndogo iliyo karibu yaweza kuwa haina damu wala daktari wa upasuaji, na majeruhi akapoteza saa nzima kwa kupelekwa huko na kuhamishwa tena. Kwa aliyeumia vibaya, ulizia hospitali ya Kiwango cha 4 au zaidi.

Hospitali haina ruhusa ya kudai pesa kwanza. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 yafanya kuwa hatia kwa kituo chenye uwezo kukataa kuyatoa. Msindikizaji anayeyajua hayo na kuyataja kwa heshima pale mapokezini humsaidia majeruhi kama yule aliyemzuia damu.

Na hawa wanaoinua simu kupiga picha? Wapewe kazi. Taa ya simu hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kumulikia jeraha. Mmoja wao akusanye vibeti na simu za majeruhi na kuvikabidhi kwa polisi mbele ya mashahidi, maana wezi nao hufika mapema, na simu ya majeruhi ndiyo itakayopigwa na jamaa zake.

Magari ya uchukuzi wa umma yanatakiwa kisheria kubeba sanduku la huduma ya kwanza pamoja na kizimamoto. Abiria ana haki ya kumwuliza utingo sanduku liko wapi na lina nini. Lenye glavu, bendeji pana, mkasi na vitambaa vingi vya kukandamizia linatosha. Mafunzo hutolewa na Msalaba Mwekundu na St John Ambulance, shirika ambalo limekuwa nchini tangu enzi za ukoloni, na hayachukui muda mrefu. Vyama vya bodaboda na vya matatu vingefaa kuyalipia kabla ya kulipia sherehe za mwisho wa mwaka.

Wahudumu wa afya wakifika, usiachilie jeraha kwa kuwaona tu. Endelea kukandamiza hadi mmoja wao aweke mkono wake mahali pa wako. Waambie kwa ufupi: ajali ilitokea saa ngapi, majeruhi alikutwa wapi, kama alipoteza fahamu na kwa muda gani, ulimfanyia nini, na ukanda ulifungwa saa ngapi.

Baadaye nawa mikono kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa damu ya mtu mwingine iliingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda chako, nenda hospitalini siku hiyo hiyo ueleze. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zafaa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na hazisaidii zikianzwa baada ya saa 72.